Mbili Juu ya Hamsini na Mbili

Daftari langu la hospitali ni daftari la shule. Hapa Ekero hakuna cha ajabu katika hilo. Unapita dukani, unanunua daftari dogo lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, na daktari anakuandikia presha yako pale ambapo mtoto angeandika insha. Sasa mwishoni mwa Januari nilitoka kliniki, nikalifungua kuona nimeandikiwa dawa gani, nikakuta chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu anayekimbizwa na nyuki: TCA 2/52.

Mbili juu ya hamsini na mbili! Nimeshafeli hesabu, nimeshafeli Kiingereza, hata mtihani wa kuendesha gari nimeurudia, lakini sijawahi kupata alama ambayo haifiki asilimia nne. Na huu nilikuwa sijausomea. Nilikaa tu, nikatoa mkono, wakachukua damu.

Nikamrudia sista pale dirishani. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. TCA, akasema, ni herufi za Kiingereza zenye maana ya "aje tena". Ile 52 ni wiki za mwaka, kwa hiyo 2/52 ni urudi baada ya wiki mbili. Wangetaka nirudi baada ya siku, wangeandika juu ya saba. Baada ya miezi, juu ya kumi na mbili.

"Nirudi kufanya nini, sista?"

"Kuelezwa majibu."

"Na yakitoka kesho?"

"Yatakungoja."

"Si mnitumie kwenye simu?"

"Mzee wangu, daktari atakueleza mkikaa chini."

Mkikaa chini! Maneno hayo mawili yana mkosi. Nilipoposa, baba mkwe alisema tukae chini. Kaka yangu alipotaka kuniambia mpaka wa shamba umesogea, alisema tukae chini. Sijawahi kukalishwa chini nikainuka na kitu zaidi ya nilichokuja nacho.

Na simu ipo. M-Pesa imekuwa ikiniambia ukweli mchungu tangu 2007, saa yoyote ya mchana na usiku, bila kuniita ofisini wala kunishika bega: salio lako ni shilingi 43. Watoto wetu wamewahi kuletewa alama za mtihani wa KCSE kwa ujumbe wa simu. D ikaingia nyumbani wakati wa chakula cha mchana, na hakuna aliyepewa ushauri nasaha, wala mtoto wala ugali. Lakini damu yangu, ambayo niliitoa mwenyewe na kwa hiari, mpaka nipande boda, nipande matatu, nipoteze siku nzima ya palizi, nilipe tena ada ya kumwona daktari. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 nilijisajili mapema kama raia mwema, lakini hata SHA yenyewe hailipi boda.

Basi nikafanya kosa.

Vipimo vingine havikufanyika pale hospitali. Nilitumwa kwenye maabara moja mjini, na maabara ikanipa majibu katika bahasha ya kaki niyabebe mwenyewe hadi siku ya kurudi. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa pini moja ya stepla. Pini moja si kufuli. Matatu ilikuwa haijajaa, nami nikawa nimeshaing'oa kwa ukucha.

Karatasi yenyewe ilikuwa na safu tatu: jina la kipimo, namba yangu, na mipaka ya namba za watu wazima wa afya. Pembeni mwa namba mbili kulikuwa na herufi nyeusi tii. Moja H, nyingine L. Kwa Kiingereza cha maabara, nimekuja kujua, H ni juu na L ni chini. Lakini mimi nilikuwa peke yangu kiti cha nyuma, jasho linanitoka, na akili ilisoma kwa lugha iliyokuwa karibu. Palipo na H nikasoma Hatari. Palipo na L, Mungu anisamehe, nikasoma Lala salama.

H ilikuwa kwenye sukari: 8.1, wakati mipaka inaishia 5.6. Kuambiwa una sukari ukiwa Ekero ni kama kuambiwa una samaki ukiwa Kisumu. Kiwanda chetu cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka wa 1973 nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nimenusa molasi kabla sijajua jina lake. Muwa ulikuwa mswaki wetu, peremende yetu na nauli yetu ya kwenda shule. Nani hapa hana sukari? L nayo ilikuwa kwenye kitu kinaitwa kloraidi: 97, mipaka ikianzia 98.

Nilifika nyumbani na sura ambayo Mama Watoto aliisoma haraka kuliko mimi nilivyosoma karatasi. Kufikia jioni baraza la madaktari lilikuwa limeshakaa chini ya mwembe wangu, wote wamehitimu kwa kuugua.

Kijana wa duka la dawa alitazama karatasi mara moja tu akasema, "Hapa lazima kuna typhoid." Typhoid haikuwa imepimwa. Lakini yeye huiona kila mahali, kama padri anavyoona dhambi. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye msomi wetu, alivaa miwani na kusema kloraidi ni mambo ya chumvi, nimepungukiwa chumvi mwilini, niongeze. Ndugu yangu mkubwa hakusema lolote kuhusu damu. Alisafisha koo akauliza, kwa upole ambao sijausikia tangu mazishi ya mama, ile hati ya shamba naiweka wapi siku hizi.

Nikampigia binamu yangu aliye Dallas, kwa kuwa mtu wa Marekani hawezi kukosa jibu. Nikamsomea: 8.1. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Rudia."

"Nane nukta moja."

"Yangu ni 95," akasema, sauti imembadilika, "na daktari wangu anafurahi. Wewe una nane? Kaka, unaongea nami ukiwa umesimama?"

Kwa mahesabu yake nilipaswa kuwa nimezimia tangu Krismasi. Mama Watoto alikuwa ameweka simu kwenye spika. Akapiga ukwenzi, majirani wakaja, na nikashuhudia mtu wa kwanza akifika na kuku. Kumtembelea mgonjwa mikono mitupu si desturi, lakini yule kuku hakuwa wa mgonjwa. Alikuwa mkubwa mno. Alikuwa kuku wa matanga.

Wiki mbili zile sitazisahau. Sukari ilifungiwa kabatini pamoja na asali, mandazi, na kwa sababu zisizojulikana, ndizi zote. Nilikula mrenda, mnavu na kunde, asubuhi, mchana na usiku. Wakati huohuo, kwa agizo la Mwalimu, kila sahani ilimwagiwa chumvi kana kwamba wananikausha nisiharibike. Ulimi wangu haukujua unaadhibiwa kwa lipi. Usiku niliamka kukojoa nikahesabu: mara mbili. Nikasoma kwenye simu kwamba kukojoa usiku ni dalili. Nikanywa maji kwa hofu. Nikaamka mara nne.

Siku ya siku nikafika kliniki saa moja asubuhi, nikapewa namba kumi na tisa.

Benchi la kliniki lina siasa zake. Kuna wanaojua ugonjwa wao na wanausifia kama mtoto aliyefaulu, na kuna sisi wa bahasha, tunaozishika kwa mikono miwili mapajani. Jirani yangu wa benchi, mzee wa kutoka upande wa Butere, naye alilalamika: yeye mara ya mwisho aliitwa, akafunga safari, akaambiwa kila kitu ni kizuri, nenda nyumbani. "Hilo nalo la kuniitia?" akasema. "Wenye majibu mazuri wangepigiwa simu tu, waitwe wenye matatizo."

Sista alikuwa anapita na faili. Akasimama. "Halafu, mzee, siku tukikuita uje, utafika hapa ukiwa hali gani?"

Yule mzee akafungua mdomo, akaufunga. Mimi pia. Sikuwa nimelifikiria hilo. Wazuri wakipewa simu na wabaya wakaitwa, basi kuitwa kwenyewe ndiyo hukumu. Utaipokea ukiwa juu ya boda, ukiwa na jembe mkononi, ukiwa harusini. Tunaitwa sote, wa heri na wa shari, tunachanganywa kwenye benchi moja, ili mtu akituangalia asijue nani ni nani. Hata sisi wenyewe tusijue.

Mbele yangu aliingia mama mmoja wa makamo, kitenge safi, mkoba wake ameukumbatia. Alikaa ndani muda mrefu. Mlango ulipofunguliwa hakutoka peke yake. Muuguzi alikuwa amemshika kiwiko, wakapita taratibu hadi chumba kingine, na mtu akapelekwa kikombe cha maji. Benchi zima likaangalia sakafu. Hakuna aliyelalamika tena kuhusu foleni kwa kama dakika kumi. Nikafikiria simu yangu nyumbani. Huwa inakaa na mjukuu wa darasa la tatu, ambaye ana furaha ya kujua kusoma, na husoma kwa sauti kila ujumbe unaoingia, ukiwa wa benki, wa kanisa, au wa mtu anayenidai. Husomea mezani. Nchi hii si kwamba haijui mambo haya: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inataka mtu apewe ushauri kabla ya kupimwa na tena baada ya majibu, na majibu yawe siri yake. Sheria ya data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya yako kuwa jambo nyeti. Lakini hakuna sheria iliyomfikiria mjukuu wangu.

Namba kumi na tisa.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili. Nikamwekea bahasha mezani, nimeirudishia pini yake katika matundu yaleyale kwa ustadi mkubwa. Akaiangalia pini. Akaniangalia mimi. Hakusema kitu, na hakuifungua. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Wiki mbili nimeingoja karatasi hii isomwe, na yeye anasema, "Mzee, vua viatu."

Akatazama nyayo, katikati ya vidole, kisigino. Akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akaachia, akatazama kama shimo linabaki. Akanipima presha: 148 kwa 92. Akaniambia nikae kimya dakika chache, nisiongee. Akapima tena: 138 kwa 86. Akaandika zote mbili. Akaniuliza baba alikufa na nini, na mama, na kama kuna ndugu aliyekatwa mguu. Akaniuliza mambo ya usiku, na mengine ya usiku huohuo ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa safu hii inasomwa na mashemeji. Niliyajibu nikitazama ukuta. Ningepigiwa simu, Mama Watoto yuko kando na spika iko wazi, ningejibu "hakuna shida, daktari" mara kumi na mbili mfululizo.

Ndipo akafungua bahasha. Akasoma kimya. Akainua kichwa.

"Ile siku ya kutoa damu ulikuwa hujala?"

"Sijala kitu, daktari. Tangu jioni."

"Hata chai?"

Sasa, ndugu msomaji, tuelewane. Chai si chakula. Hakuna mtu katika kaunti nzima ya Kakamega anayehesabu chai kuwa chakula. Ukifika kwa mtu akakupa chai, ukiondoka unaweza kusema hukupewa kitu. Niliambiwa nisile, nami sikula.

"Kikombe kimoja," nikasema.

"Cha sukari?"

"Vijiko vitatu."

"Na nini?"

"Andazi. Lakini nusu. Lile lingine nilimwachia mjukuu."

Akaweka kalamu chini, kama sista wa dirishani. Hospitali ile ina tabia ya kuweka kalamu chini. Akanichoma kidole palepale. Siku hiyo, shukrani kwa utawala wa Mama Watoto, nilikuwa kweli sijatia kitu kinywani. Kimashine kikasoma 5.9.

Nikamweleza kuhusu binamu wa Dallas na 95 yake. Akacheka, akachukua karatasi. Marekani, akasema, wanapima sukari kwa kipimo kingine. Namba yetu ukiizidisha kwa 18 unapata yao. Ile 8.1 yangu kule ni 146. Ile 95 yake huku ni 5.3. Tulikuwa tukibishana kama watu wawili, mmoja anahesabu kwa maili na mwenzake kwa kilomita, huku kuku akichinjwa. Na binamu ndiye mwenye simu inayompa majibu kabla ya daktari wake kuyaona! Marekani walitunga sheria mwaka wa 2016, na tangu Aprili 2021 kanuni zake zinataka majibu yafunguliwe kwa mgonjwa bila kucheleweshwa. Aliwahi kuniambia mwenyewe alivyosoma habari za doa kwenye pafu lake saa sita za usiku akiwa kazini, akakaa na doa hilo hadi Jumatatu. Likawa kovu la zamani. Siku tatu alizoziishi katikati hakuna aliyemrudishia. Hata hivyo anasema hawezi kukubali kurudi kwenye mfumo wa kungoja, na nadhani namwelewa. Karatasi ni yangu. Nitaing'oa pini tena.

"Na kloraidi?" nikauliza. "Imeshuka."

"Kwa pointi moja, mzee. Mipaka hii inawekwa kwa kupima watu wazima wa afya, halafu wanachukua wale asilimia 95 wa katikati. Maana yake katika kila wazima ishirini, mmoja anaangukia nje, na hana ugonjwa wowote. Ukipimwa vitu ishirini, kuna uwezekano mkubwa kimoja kitapigwa herufi hivihivi."

"Kwa hiyo ile chumvi…"

"Chumvi gani?"

Nikamweleza chumvi gani. Akaitazama tena ile 148 kwa 92, akavuta pumzi, na akasema kitu kuhusu Mwalimu wetu ambacho sitamfikishia. Kuhusu typhoid sikutaka kumtaja kijana wa duka la dawa, lakini alikisia, kumbe wanaletewa kila siku. Kipimo cha Widal, kilichopewa jina la Mfaransa aliyekitangaza mwaka wa 1896, kinatafuta askari ambao mwili uliwaajiri kupigana na mdudu yule. Na askari hao hubaki kambini muda mrefu baada ya vita kwisha, wengine waliajiriwa kwa vita vingine kabisa. Ukimpima mtu wa sehemu hizi, ambaye amekunywa maji ya visima vya kila aina, ni rahisi kuwakuta. Kuwakuta si kukuta vita.

Nikaanza kuinuka. Nilikuwa nimepona. Sukari ilikuwa chai, kloraidi ilikuwa bahati nasibu, binamu alikuwa maili.

"Kaa, mzee. Hatujafika kwenye chenyewe."

Akageuza karatasi, kalamu yake ikatua kwenye mstari ambao baraza zima la chini ya mwembe halikuusoma, kwa sababu haukuwa na herufi yoyote pembeni. Asilimia 6.1. Maabara ilikuwa imechapisha mpaka wake kuwa 6.5, kwa hiyo mashine haikupiga kelele. Hicho, akasema, ni kipimo cha sukari iliyoganda kwenye seli nyekundu. Seli hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo zinabeba kumbukumbu ya miezi mitatu iliyopita. Chai ya asubuhi moja haiwezi kuzidanganya. Wala wiki mbili za mrenda haziwezi kuzihonga. Zilikuwa zinakumbuka Desemba yangu yote: harusi mbili, soda za kukaribishwa, sukari nguru niliyokuwa naonja kwa jirani nikisema nakagua ubora.

"Kuanzia 6.5 tunaita kisukari. Wewe bado hujaingia. Uko mlangoni." Akanitazama kwa muda. "Na baba yako, umeniambia, aliingia."

Sikuwa na la kusema. Lile la baba nilikuwa nimelitaja harakaharaka, wakati akitazama nyayo zangu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Tukaongea. Si kwa muda mrefu. Nje kulikuwa na namba ishirini, na namba arobaini. Kuhusu ugali, si kuuacha bali ukubwa wake, na akanionyesha kwa ngumi yake, ambayo ni ndogo, nikamwomba tutumie yangu. Kuhusu kutembea. Kuhusu chai, na hapo tulijadiliana kwa bei kama sokoni, nikaanzia vijiko viwili, yeye akaanzia sifuri, na nikashindwa.

Nililipa, nikalalamika dirishani kuhusu ada kwa kuwa ni haki yangu, nikapanda matatu. Pale steji ya Ekero Mwalimu alikuwa ameketi akinisubiri, na kando yake ndugu yangu mkubwa, ambaye sikuelewa amefuata nini.

"Lete daftari," Mwalimu akasema. Akavaa miwani, akapita juujuu ya presha na sukari kama mtu anayeruka matangazo, akafika chini kabisa: TCA 3/12. Akaandika hewani kwa kidole, akakokotoa, akakagua.

"Tatu juu ya kumi na mbili," akasema. "Asilimia ishirini na tano." Akasimama akanipa mkono, mbele ya waendesha boda wote. "Umepanda sana."